Kipepeo Mmoja, Sare Tatu

Ndugu msomaji, bila shaka umemwona yule kipepeo wa rangi ya chungwa anayepepea polepole kana kwamba hana adui. Wanasayansi humwita Danaus chrysippus. Mbona hana haraka? Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na mara nyingi sumu ya mimea hiyo hubaki mwilini hata baada ya kuota mabawa. Ndege akimdonoa siku moja, harudii! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Spishi hii imegawanyika katika nususpishi kadhaa, kila moja na sare yake. Chrysippus ana ncha nyeusi zenye mkanda mweupe kwenye mabawa ya mbele. Dorippus hana weusi huo. Alcippus, aliye wengi Afrika Magharibi, ana mabawa meupe ya nyuma. Wote watatu hukutana hapa Kenya na kuzaana.

Lakini kuna balaa. Karibu na Nairobi, majike wengi wana bakteria aitwaye Spiroplasma, ambaye mama humrithisha watoto. Bakteria huyu huua watoto wa kiume wangali ndani ya mayai. Wa kike huanguliwa salama. Basi mama hupata mabinti watupu! Wataolewa na nani? Hutegemea madume wachache wa majike wasioambukizwa, au wageni watokao mbali.

Kwa hivyo, mwenzangu, tukifyeka kando ya uwanja, tuuache mmea wenye utomvu mweupe. Huenda kiwavi aliye juu yake ndiye bwana harusi.