Mifupa ya Kuku wa Jumapili

Chakula cha mchana kimekwisha, sinia limebaki na mifupa. Kwa kawaida safari yake ni fupi: paka, au jalalani. Lakini kwenye nyumba ambayo watoto wanasomea nyumbani, au likizo imewakuta hawana la kufanya, mifupa hiyo inatosha somo la wiki nzima, tena somo la dinosaria.

Wanasayansi huwahesabu ndege kuwa ndio dinosaria waliosalia. Kuku ni wa ukoo mmoja na wale wala nyama waliotembea kwa miguu miwili. Mzazi amtafutie mtoto kile kimfupa cha kifuani chenye panda kama manati. Hata Tyrannosaurus alikuwa nacho. Kisha watazame mguu wenyewe, magamba yake na vidole vitatu vilivyoelekea mbele. Hapo mtoto ataelewa kwa nini jina la "mjusi", tulilomzoeza dinosaria wa Tendaguru, linapotosha kidogo. Undugu wake na huyu kuku wa sinia ni wa karibu kuliko undugu wake na mjusi wa ukutani.

Na Tendaguru ndipo pa kuanzia, kwa sababu ni kwetu. Ni kilima kilichoko bara ya mji wa Lindi, kiasi cha kilomita 60. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mfupa mkubwa umetokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji, mwanzoni chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Hayo ndiyo majina yanayotajwa vitabuni. Walioshika majembe na sururu walikuwa mamia ya vibarua wenyeji, katika nchi iliyokuwa haijapoa majeraha ya Vita vya Maji Maji. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kuutambua mfupa ungali udongoni. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na mabegani, kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa huko aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti. Mtoto anayejifunza kuchimba anastahili kulijua jina hilo kabla ya jina lolote la Kizungu.

Sasa tuje kwenye uchimbaji wa nyumbani, ndani ya beseni. Mifupa ichemshwe mpaka minofu iachie, isuguliwe, ianikwe juani siku mbili. Chini ya beseni utandazwe mchanga, juu yake udongo wa mfinyanzi uliolainishwa kwa maji, mifupa ipangwe humo, kisha ifunikwe kwa tabaka jingine. Beseni liachwe kivulini likauke polepole, maana jua kali hupasua udongo. Anayefukia asiwe yule atakayechimba.

Vifaa vya kuchimbia ni mswaki mkuukuu, kijiko na kijiti cha mishikaki kilichokatwa ncha. Kabla ya kugusa chochote, uzi ukingwe juu ya beseni kwa urefu na kwa upana, upatikane mraba baada ya mraba, na miraba hiyohiyo ichorwe kwenye daftari la hesabu. Kila mfupa unaotokeza huchorwa mahali pake kwanza, ndipo ung'olewe. Wengi huiona kazi hii inachosha na kuiruka, nao wanapoteza kiini cha somo. Mfupa uliong'olewa bila kuandikwa ulikotoka umepoteza nusu ya habari zake. Mifupa mingi ya dinosaria jitu wa Tendaguru aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin ilitoka kwenye shimo lililoitwa S, naye akaandikwa S II, yaani kiunzi cha pili cha shimo hilo. Basi beseni nalo lipewe herufi, kila mfupa upewe namba, na kwenye kibandiko liandikwe pia jina la aliyechimba.

Jitu hilo, Giraffatitan, lina kimo cha mita 13.27. Tarakimu hiyo haimwambii chochote mtoto wa miaka minane. Zitandazwe kanga tisa uwanjani, ncha kwa ncha kwa urefu wake, kisha alale kwenye kanga ya kwanza na kuambiwa kwamba kichwa cha mnyama kingekuwa kwenye ile ya tisa.

Nyayo nazo zina somo lake. Laetoli, kusini mwa Olduvai, mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilipata nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita, juu ya majivu ya volkano yaliyolowa. Majivu mengine yaliyoanguka baadaye ndiyo yaliyozihifadhi. Nyumbani, kuku au mbuzi akikanyaga tope, unyayo wake uzungushiwe ukanda wa boksi na kumiminiwa unga wa jipsamu, ule wa mafundi wa dari, vipimo viwili vya unga kwa kimoja cha maji. Mtu mzima ndiye akoroge, akiwa amefunika pua, na mtoto asitumbukize mkono humo: jipsamu ikianza kuganda huchemka kiasi cha kuunguza ngozi. Mabaki yasimwagwe kwenye sinki.

Na ikitokea familia ikakuta kisukuku cha kweli porini, wakipige picha, wakiache palepale, watoe taarifa. Nchini Tanzania vitu hivyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, yaani muda. Dawa yake ni miguu. Mtoto asimame mlangoni, kila hatua iwe miaka milioni moja. Kabla hajamaliza hatua ya nne ameshawapita wale viumbe wa Laetoli. Kwenye ya 66 anafika siku za mwisho za dinosaria wakubwa. Aendelee, apite mwembe, apite kwa jirani, hadi hatua ya 150: hapo ndipo wanyama wa Tendaguru walipokuwa wakinywa maji. Ageuke sasa autazame mlango wa nyumbani, na mdogo wake aliyebaki kizingitini, mdogo kama kidole, akimpungia mkono.