Mahitaji ya moyo nayo huchorwa: maisha ya mchoraji Edvard Munch

Tukiulizwa mahitaji ya binadamu ni yapi, wengi wetu tunajibu haraka: chakula, maji safi, mahali pa kulala na dawa. Jibu hilo ni sahihi, kwa sababu bila hayo hakuna anayeishi. Lakini yapo mahitaji mengine ambayo hayapimwi kwa kilo wala kwa lita, na hayamo katika mgawo. Mgonjwa anahitaji kubembelezwa. Aliyefiwa anahitaji mtu wa kulia naye. Mtoto anahitaji kusikilizwa, na mzee anahitaji kuona kwamba bado ana faida kwa wenzake. Haya ni mahitaji ya kihisia, na mtu akiyakosa kwa muda mrefu anaweza kuugua.

Katika makala hii nawaletea habari za mtu aliyefanya kazi ya kuyachora mahitaji hayo kwa zaidi ya miaka 60. Jina lake ni Edvard Munch, mchoraji wa nchi ya Norwe huko Ulaya ya kaskazini. Alizaliwa mwaka 1863 na kufariki mwaka 1944. Nchi yake ni ya theluji na hakuwahi kuishi kambini. Hata hivyo, ugonjwa ulioingia nyumbani kwao tunaujua vizuri hata sisi.

Nyumba yenye kifua kikuu

Baba yake Munch alikuwa daktari wa jeshi, lakini udaktari wake haukuweza kuiokoa familia yake. Mwezi Desemba 1868 mke wake alifariki kwa kifua kikuu na kuacha watoto watano. Edvard alikuwa na umri wa miaka 5 tu. Mama mdogo wa watoto hao, Karen, ndiye aliyekuja kuwalea, na ndiye aliyewatia moyo wa kuchora.

Mwaka 1877 ugonjwa ule ule ulimchukua dada yake mkubwa, Sophie, akiwa na miaka 15. Edvard mwenyewe alikuwa mtoto wa kuugua mara kwa mara, akikosa shule na kukaa kitandani.

Tukumbuke kwamba wakati huo hapakuwa na dawa. Mdudu anayesababisha kifua kikuu aligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, miaka mitano baada ya kifo cha Sophie. Dawa ya kwanza yenye nguvu juu yake, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943, Munch akiwa mzee wa karibu miaka 80.

Picha iliyochekwa

Munch aliacha masomo ya ufundi mwaka 1880 ili awe mchoraji. Mwanzoni alichora kama walivyochora wakubwa wake: vyumba, mitaa na sura za watu, kila kitu kama jicho linavyokiona. Alipofika miaka 21 hivi, alijaribu kuchora kile alichokibeba tangu utotoni. Picha hiyo inaitwa "Mtoto Mgonjwa".

Ndani yake kuna msichana ameegemezwa kwenye mto mkubwa mweupe, uso wake umepauka. Pembeni yake mwanamke ameinamisha kichwa kabisa, hawezi kumtazama usoni. Chupa ya dawa ipo, lakini macho yetu hayaendi kwenye chupa. Yanakwenda katikati ya picha, pale mikono ya watu hao wawili inapokutana. Na hapo mchoraji hakuonyesha vidole wala kucha. Ameacha rangi tu, kama kitu kinachoonekana kupitia machozi.

Kazi hiyo ilimchukua karibu mwaka mzima. Alipaka rangi, akaikwangua, akapaka tena, akakwangua tena. Ilipoonyeshwa mwaka 1886 katika mji wa Kristiania, ambao leo unaitwa Oslo, watu wengi waliicheka. Walisema haijamalizika, imejaa mikwaruzo, na kijana huyu hajui kuchora.

Lakini hapo ndipo alipokua. Aligundua kwamba rangi inaweza kusema jinsi mtu anavyojisikia, si jinsi chumba kilivyo tu. Mtoto yule hakuwa na dawa ya kumponya. Alichohitaji ni mtu wa kumshika mkono asiwe peke yake. Hitaji hilo ndilo lililochorwa.

Watu wengi, kila mmoja peke yake

Mwaka 1893 Munch alirudi tena kwenye kifo cha Sophie kwa njia nyingine, katika picha ya "Kifo Katika Chumba cha Mgonjwa". Safari hii mgonjwa haonekani uso. Amekaa kwenye kiti, ametupa kisogo. Wanaoonekana ni ndugu zake. Baba anaomba, dada mmoja ameketi ameinama, mwingine anatukazia macho. Wote wamo katika chumba kimoja, lakini hakuna anayemfariji mwenzake.

Tena kuna jambo la kushangaza. Ndugu hao hawakuchorwa kama watoto wa mwaka 1877. Wamechorwa na umri waliokuwa nao miaka 16 baadaye, wakiwa watu wazima. Nadhani alitaka kutuambia kwamba msiba usiposemwa haubaki kule ulikotokea. Unakua pamoja na wewe.

Mwaka huo huo alichora picha iliyompa sifa dunia nzima, "Ukelele". Mtu amesimama darajani chini ya mbingu nyekundu, mdomo wazi, mikono imeziba masikio. Wengi hudhani mtu huyo ndiye anayepiga kelele. Munch mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akitembea jioni, jua linatua, akahisi ukelele mkubwa ukipita katika maumbile yote. Mtu yule anaziba masikio asiusikie. Nyuma yake wenzake wawili wanaendelea na safari yao. Hawajui lolote.

"Mtoto Mgonjwa" aliichora mara sita kwa jumla kwa rangi za mafuta, ya mwisho ikiwa ya miaka ya 1920. Kila mara alibadilisha rangi na namna ya kuuweka mkono wake. Kwa hiyo hakuwa ananakili. Kila aliporudi kwenye jeraha lile lile alikuwa mtu mwingine, mwenye ujuzi zaidi.

Je, matibabu yaliua kipaji?

Munch aliteseka sana. Alikunywa pombe kupita kiasi, akawa na hofu, akaanza kudhani watu wanamfuatilia na kusikia mambo yasiyokuwepo. Aliwahi kuamini kwamba mateso yake na sanaa yake ni kitu kimoja, na kwamba yakiondolewa, sanaa nayo itaondoka.

Mwaka 1908 alizidiwa, akaingia hospitali ya Daktari Daniel Jacobson mjini Copenhagen, Denmaki. Alikaa huko karibu miezi minane. Aliporudi Norwe mwaka 1909 aliacha ulevi na kuendelea na kazi.

Matokeo yanaonekana mpaka leo katika ukumbi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambako picha zake za ukutani zilizinduliwa mwaka 1916. Katikati kuna jua kubwa linalochomoza baharini na kumwaga miale pande zote. Upande mmoja mzee ameketi chini ya mti, anamsimulia mtoto hadithi. Alichora pia wafanyakazi wakitoka kazini kwa wingi, barabara imejaa.

Wapo wanaosema kazi zake za kabla ya 1908 ndizo zenye nguvu zaidi, na kila mtu ana haki ya kuchagua anayoipenda. Ila mzee yule na mtoto wanaonyesha hitaji ambalo Munch hakuwa amelichora hivyo kabla: mmoja anahitaji kusikilizwa, mwingine anahitaji kufundishwa, na wote wawili wamepata. Mtu aliyekuwa akichora upweke sasa aliweza kuchora watu wakipeana kitu. Matibabu hayakumnyang'anya mkono wake. Yalimpa miaka mingine 35 ya kuutumia.

Sisi tujifunze nini

Katika kutembelea nyumba, sisi wahamasishaji wa afya tunakutana na watu wanaosema "sina tatizo" wakati hawalali wala hawali. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Naomba tuzingatie haya:

1. Kukaa na mtu ni msaada. Huna haja ya kuwa na maneno mazuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia una maneno makuu matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Mwangalie mwenzako, msikilize bila kumlazimisha kusimulia, kisha umuunganishe na wanaoweza kumsaidia.

2. Tuwaache watoto wachore. Kipande cha karatasi, mkaa au kijiti kwenye mchanga vinatosha. Tusiwaamuru wachore vita, na tusiwacheke kwa sababu mtu hana vidole. Mtoto akipenda kueleza picha yake, tumsikilize hadi mwisho.

3. Huzuni ikizidi, itibiwe. Mtu asiyelala kwa majuma, asiyetaka kula, aliyezama katika ulevi, anayesikia sauti au anayetamani kufa, asiachwe peke yake. Msindikize kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hajarogwa na wala si mvivu.

4. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe. Leo kifua kikuu kinapona. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita, na dawa zake hutolewa bure. Mgonjwa asiache dawa akipata nafuu, na jirani asimkimbie. Sophie hakupata bahati hiyo.

Munch aliuachia mji wa Oslo zaidi ya picha 1,000 za rangi. Wengi wetu hatutaziona kwa macho. Lakini mkono wa mgonjwa upo katika kila mtaa wa kambi hii, na kuushika hakuhitaji kipaji.