Akiba haiozi: gari lililolala gerejini karibu miaka 50

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Msemo huo ulitimia kwa njia ya ajabu katika mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, baada ya daktari mmoja mzee kufariki dunia mwaka wa 2007. Marehemu alikuwa mtu wa kuweka kila kitu. Jamaa zake walijua kwamba alikuwa na magari, lakini hawakujua ni magari gani. Walipofungua gereji yake, waliliona gari lililojaa vumbi, magurudumu yamekwisha upepo, kimya kama kaburi.

Kumbe lilikuwa ni Bugatti Type 57S Atalante la mwaka wa 1937!

Msomaji huenda akauliza: Bugatti ni kitu gani hata watu washtuke? Magari hayo yaliundwa Molsheim, nchini Ufaransa, katika kiwanda cha Ettore Bugatti. Umbo la Atalante lilibuniwa na mwanawe, Jean, kijana aliyekufa mwaka wa 1939 akijaribu gari barabarani, akiwa na umri wa miaka 30 tu. Atalante za aina hiyo ya 57S ziliundwa 17 peke yake. Hili la Newcastle lilinunuliwa kwanza na Earl Howe, bwana mkubwa wa Kiingereza aliyeshinda mashindano ya Le Mans mwaka wa 1931. Daktari alilinunua mwaka wa 1955, akaliendesha miaka michache, kisha akalifungia.

Mwezi wa Februari 2009 gari hilo lilipigwa mnada mjini Paris. Bei ilipita euro milioni 3.4. Na wala halikuwa limepakwa rangi mpya!

Hapo ndipo penye fundisho. Wengi wetu tungeliona gari kama hilo, tungekimbilia maji, sabuni na brashi ya rangi. Wajuzi hawafanyi hivyo. Wao hutazama kwanza kama fremu, injini na bodi ni zile zile zilizotoka kiwandani pamoja, kwa kulinganisha namba zilizogongwa kwenye chuma. Halafu huuliza karatasi: nani alinunua, lini, na gari lilipitia mikono ya nani. Gari likitengenezwa upya, laweza kung'aa kama kioo, lakini ngozi ya viti iliyokaliwa na mwenyewe wa kwanza hairudi tena. Gari bovu hutengenezeka. Historia ikishafutwa, imekwenda.

Kwetu Kenya, nani hajaona gari kuukuu nyuma ya nyumba, kuku wametaga ndani yake? Mzee akishazikwa, vijana humwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, naye hulipima kwa kilo. Siku chache baadaye limekatwakatwa.

Hatusemi kwamba kila kibanda kimeficha mamilioni. Peugeot 404 si Bugatti. Ziliundwa kwa wingi mno. Hata hivyo, ndilo gari lililoshinda Safari Rally mara nne, mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968, na ndilo lililobeba abiria, maharusi na wagonjwa wetu. Likikatwa lote, tutawaonyesha nini wajukuu?

Basi ukirithi gari la zamani, usiwe na pupa. Usiwashe injini iliyolala miaka mingi, kwani mafuta yamegeuka gundi na pistoni huenda zimeshikwa na kutu. Usilioshe wala kulipaka rangi. Lipige picha kama lilivyo, tafuta kitabu cha gari na risiti, kisha umwite fundi anayejua magari ya zamani, asiyetaka kulinunua yeye mwenyewe.

Daktari wa Newcastle hakulipigia gari lake tarumbeta. Alifunga mlango tu, na mlango huo ukaihifadhi historia. Wewe, kabla hujauza kwa kilo, fungua kwanza uangalie.