Nauli Nafuu ya Ulaya na Gharama ya Kusubiri Viza

Biashara ya tiketi za ndege kutoka Dar es Salaam kwenda miji ya Ulaya huendeshwa kwa tofauti ndogo za bei, kwa kuwa abiria wengi hubadilisha ndege Addis Ababa, Istanbul, Doha au Dubai, na njia hizo hugombania wateja walewale. Nauli hupaa Julai, Agosti na majuma ya Krismasi, kisha hulegea Novemba na Februari. Hayo msafiri yeyote anayajua. Lisilosemwa sana ni kwamba nauli ya chini kabisa kwa kawaida huuzwa kwa sharti la kutorejeshewa fedha, sharti ambalo humwelemea zaidi yule ambaye hajapata viza.

Maofisa wa balozi hutaja siku 15 kuwa muda wa kawaida wa kuamua ombi la viza ya Schengen, yaani kibali kimoja cha kutembelea nchi 29 zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao. Kisheria hawakosei, ila siku hizo huanza kuhesabiwa ombi likishapokelewa, hivyo majuma ya kusaka miadi hayamo, na kanuni hizohizo huruhusu muda kurefushwa hadi siku 45. Ada, iliyopandishwa kutoka euro 80 hadi 90 mwezi Juni 2024, hairudishwi ombi linapokataliwa, na juu yake kuna malipo ya kituo cha kupokelea maombi pamoja na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000.

Wakala mmoja wa tiketi wa katikati ya jiji, aliyeomba jina lake lisichapishwe, anadai kuwa mzigo wa utaratibu huo umetuliwa mabegani mwa mawakala. Mwombaji hutakiwa kuonyesha nafasi aliyohifadhiwa kwenye ndege, lakini shirika la ndege huweka ukomo wa kukata tiketi ambao mara nyingi hauzidi siku chache, na ukipita nafasi hufutika. Kwa hiyo wakala huihifadhi upya mara mbili au tatu bila malipo, na viza inapotoka nauli ya awali imekwishauzwa, naye ndiye huambiwa kwamba amepandisha bei. Mashirika mengi yameacha kumlipa kamisheni, kwa hiyo huishi kwa ada anayoiongeza mwenyewe, na mteja aliyeona bei ya mtandaoni humwita mlanguzi. Anayemshuku, asema, na aisome tiketi yake: katika safu ya kodi na tozo hukaa herufi YQ, ambazo si kodi ya serikali yoyote bali ni nyongeza inayoingia mfukoni mwa shirika lenyewe, na ambayo kwa tiketi ya bei ya chini mara nyingi hairudi. Hoja ya herufi hizo ni ya kweli. Ile ya kwamba ada za mawakala ni ndogo ni vigumu kuipima, maana wengi wao huzichanganya ndani ya bei moja.

Ndani ya Ulaya unafuu nao una masharti yake. Ndege za bei ya chini zinazotangazwa kuwa za Paris zinaweza kutua Beauvais, takriban kilomita 80 kutoka jijini, na begi hulipiwa peke yake. Anayechepuka kwenda London huhitaji viza nyingine, na kama ile ya Schengen ni ya kuingia mara moja, hawezi kurudi.

Husemwa na wasimamizi wa sekta kwamba mashirika yakiongezeka nauli zitashuka, ingawa ada ya huduma ya abiria wa kimataifa, dola 40 za Marekani, haitegemei ushindani. Huenda matumaini zaidi yakawa katika uamuzi wa Umoja wa Ulaya wa 2023 wa kuhamishia maombi ya viza mtandaoni, mfumo unaotarajiwa kuanza karibu na 2028, lakini hata hapo mwombaji wa mara ya kwanza atalazimika kufika mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, na ili kufika atahitaji miadi.