Kibubu cha nyembe

Nilikuwa nanawa mikono bafuni, nyumbani kwa mzee mmoja wa Kizanzibari mtaa wa Al Khuwair, Muscat, nikaliona kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la kioo. Mfuniko wake ulikuwa umechanwa ufa mwembamba, kama ule tunaotilia sarafu. Nikadhani ni kibubu cha wajukuu. Nikalitikisa. Sarafu zikigongana hutoa kishindo. Humu kilinong'ona kitu kikavu, chepesi, kama mchele unaopetwa kwenye ungo wa bati.

"Rudisha hapo, mwanangu," sauti ikaja kutoka sebuleni. "Hizo ndevu zangu."

Zilikuwa nyembe. Mzee hunyoa siku tatu kwa wiki, mashavu na shingo, ndevu za kidevuni anaziacha. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, hutoa wembe wa wiki iliyopita kwenye mashine yake ya chuma, anaufuta, anaupitisha kwenye ule ufa, kisha anatia mpya. Kopo nililolishika ni la tatu. Mawili ya mwanzo yamejaa, yamezungushiwa utepe, yako stoo chini ya mazulia ya zamani.

Nilirudi nilikofikia, na usingizi ukakataa. Nikawasha taa, nikapiga hesabu. Wembe mmoja kwa wiki ni 52 kwa mwaka. Unene wake ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukichukua nyembe za miaka 40 ukazipanga moja juu ya nyingine, ni sentimita 20 na ushei: haitimii shibiri. Uso wa mtu mzima, tangu alipooa hadi alipoitwa babu, unaenea baina ya kidole gumba na kidole cha mwisho.

Marekani walikuwa na kibubu cha namna hii ndani ya nyumba zenyewe. Katikati ya karne iliyopita makabati mengi ya bafuni yalitengenezwa na ufa mdogo kwa nyuma. Wembe uliokwisha makali ulisukumwa humo, ukaangukia baina ya kuta. Mpaka leo mafundi wanaobomoa nyumba hizo hukutana na rundo la nyembe zenye kutu. Aliyejenga alijua ukuta hautajaa akiwa hai, basi akamwachia atakayebomoa.

Nikarudi kwa mzee Ijumaa iliyofuata. Nilimwambia ukweli: shingo yangu ina vipele vya ndevu tangu ujana, na mashine za plastiki zenye nyembe tatu, tano, zimenishinda. Akanishika kidevu, akaniinua uso kwenye mwanga wa dirisha, akatazama kimya kwa muda.

"Nywele zetu zimejipinda," akasema. "Wembe wa kwanza unauvuta unywele, wa pili unaukatia chini ya ngozi. Sasa ule ukiota, unajikunja, unaingia tena nyamani. Nyembe tano za nini, bwana? Mmoja watosha."

Yeye ni mtoto wa kinyozi. Baba yake alinyoa watu Unguja kwa wembe wa kukunja, akiunoa kwenye ukanda wa ngozi.

"Si unaijua methali, kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata? Watu wanaisema kwa mafumbo. Kwetu yalikuwa maisha. Baba akenda kwa mwenziwe kila Alhamisi, wananyoana. Uushike wembe wazi, uuelekeze kooni mwako mwenyewe, na kwenye kioo mkono unakwenda kinyume? Nani huyo? Basi mimi nikiwa kijana nikanunua mashine hii. Baba alipoiona, hakusema neno. Aliichukua, akaipima uzito kiganjani, akanirudishia. Hata leo sijui aliwaza nini."

Mashine hiyo aliondoka nayo Unguja, akaingia nayo Muscat miaka ya 70, enzi ambazo Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walifunguliwa mlango wa kurudi. Vipande vitatu: mpini, kitako, kifuniko. Wembe hulala katikati na kupindika kidogo unapokazwa, makali yake yakichungulia pande mbili. Umbo hilo lilitokana na King Camp Gillette, muuzaji wa Kimarekani, ambaye mwaka 1903 mzima aliuza mashine 51 na nyembe 168. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, jeshi la nchi yake liliwagawia askari mashine hizo kwa mamilioni, nao wakarudi makwao wakijua kujinyoa. Wazo lake lote lilikuwa wembe mwembamba, rahisi, wa kutumia na kutupa. Mzee wangu hajatupa hata mmoja.

Ilikuwa Julai, na bomba la maji baridi lilitoa maji ya moto, maana tangi liko juu ya paa. "Kiangazi hatuwashi hita," alisema, akiloanisha brashi. Anakumbuka maji ya visima, yenye chumvi, sabuni ikikataa kutoa povu, kabla kiwanda cha Ghubrah hakijaanza kutoa maji matamu kutoka baharini mwaka 1976. Sasa povu lilinijaa shingoni, zito kama tui la kwanza.

Akanitilia wembe mpya. Mkono wangu ukatetemeka.

"Usishindilie. Hiyo chuma ina uzito wake, wacha ijifanyie kazi. Wewe kazi yako kuizuia isianguke tu. Laza kichwa chake shavuni, mpini uko nje kabisa, haya, sasa uteremshe mpini kidogokidogo. Usitazame. Sikiliza."

Nikasikiliza. Mwanzo hapakuwa na kitu, chuma kikiteleza juu ya povu. Mpini ulipoteremka ikaja sauti ndogo, kavu, ya kukwaruza, kama panya anayetafuna karatasi chumba cha pili.

"Hapo! Hapo hapo. Ikinyamaza, umepotea. Ikipiga kelele, utajikata. Fuata nywele zinavyolala, vipande vifupi, vuta ngozi."

Shavu la kulia lilikwenda vizuri. Kwenye taya nikasahau, nikakandamiza kama nilivyozoea kukandamiza plastiki, na sauti ikakatika. Tone la damu likajitokeza kwenye povu. Mzee hakustuka. Alichukua kipande cha shabu, akakiloanisha, akanipitishia mwenyewe. Iliwasha, kisha ikapoa. Nikamaliza shingo kwa muda mrefu kuliko ninaotumia kula chakula cha mchana, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba nywele za upande wangu wa kushoto zinaota kwenda juu. Miaka yote nilikuwa nikizinyoa kinyume.

Tulipokuwa tunakunywa kahawa nilimuuliza makopo yale yatakwenda wapi.

"Wajukuu wote wanakwenda kwa kinyozi. Hakuna atakayeyataka. Nikiyatia kwenye pipa, anakuja yule kijana wa Kibangladeshi usiku, anatia mkono kwenye mfuko, hajui mna nini. Mtoto wa mtu yule. Mwanangu ananiambia, baba, chuma hicho wanayeyusha. Nani anayeyusha? Wapi? Nionyeshe mlango nikagonge."

Sikuwa na mlango wa kumwonyesha. Nimeuliza kwenye duka la vyuma chakavu. Mwenye duka alitaka kujua uzito, nilipomwambia ni makopo mawili ya nyembe akarudi kwenye simu yake.

Wembe niliotumia mimi mzee aliutoa kwenye mashine siku ile ile, ingawa ulikuwa na makali ya wiki nzima. Aliufuta kwa taulo, akanipa, akanishushia kopo kutoka juu ya kabati. Niliutumbukiza. Haukuanguka mbali. Kopo la tatu limebaki nafasi ya vidole viwili.