Kiswahili cha kamio: kutoka Butembo hadi Goma

Uingereza kuna magari yenye kitanda na jiko ndani. Familia huzunguka nayo mashambani kwa starehe, na usiku gari ndilo nyumba. Sisi wa Kivu Kaskazini pia tunalala garini, ila juu ya magunia. Mwaka 2021 nilipanda kamio la maharagwe na viazi kutoka Butembo kurudi Goma, kwa barabara ya taifa namba 2. Nilikuwa mwanafunzi mpya wa isimu, nimejaa sarufi ya vitabuni.

Lubero, mama mmoja alininyoshea mtoto kabla hajapanda: “Unishikiye katoto kangu.” Kichwani nikamsahihisha: mtoto wangu. Lakini ka- hiyo ina kazi yake. Kiswahili sanifu hutumia ki- kwa udogo, na kumwita mtu kitoto kunaweza kuwa dharau. Ka- ya mama yule ilikuwa ya upendo. Wengi wakiwa wengi, inageuka tu-: tutoto. Kinande, lugha ya Butembo na Lubero, kina aka- kwa udogo, na Kinyarwanda kinachosemwa Rutshuru kinayo pia.

Tulishuka mteremko wa Kabasha kutoka Kanyabayonga, tukavuka uwanda wa Rwindi ndani ya Hifadhi ya Virunga. Juu ya magunia watu walisema batoto, bantu, bintu. Sanifu ni watoto, watu, vitu. Linganisha: Kinande husema abandu, Kinyarwanda abantu. Kiswahili kililetwa huku na misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19. Waliokipokea walikuwa na ngeli zao tayari, nao wakakiweka ndani yake.

Jioni tulisimamishwa kwenye bariyere. Nikajibu kwa ufasaha wangu wote: “Tumetoka Butembo, tunaelekea Goma.” Mlinzi akanitazama. “Weye ni mutu wa wapi?” Akataka kitambulisho mara ya pili, akakigeuza na kukigeuza. Kwenye barabara ile, kuonekana mgeni si jambo dogo. Mama wa Lubero akaongea kutoka juu: “Ni mutoto wetu. Iko nasoma Goma.” Kitambulisho kikarudishwa.

Sentensi yake ina kanuni. Kwa tendo linaloendelea, sanifu husema anasoma; huku tunaweka kwanza iko, kisha kitenzi. Hivyo hivyo niko nakuya, yaani ninakuja, niko njiani. Anayesema niko nakuya anatofautisha tendo la sasa hivi na la kila siku, jambo ambalo ninakuja peke yake halilionyeshi waziwazi.

Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Hata hivyo, darasani cha kwetu huitwa kibovu. Mimi ninaandika makala hii kwa Kiswahili sanifu kwa sababu nataka msomaji wa Mombasa au Dodoma anielewe. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini usiku ule hakikunitosha kuvuka.

Tangu hapo vita vimeikata barabara ile mara nyingi. Ninapoulizwa kama batoto ni kosa, nauliza kwanza: nani anasema, wapi, na anamwambia nani?