Makaa ya Mawe, Maganda ya Kahawa na Vijidudu

Katika somo la jiografia tulifundishwa ya kuwa makaa ya mawe yalikuwa miti na majani, yakazikwa chini ya matope zamani za kale, yakakandamizwa hata yakawa magumu. Mwenzetu mmoja akauliza, "Kama ni majani, mbona hayaozi yakawa mbolea?" Darasa zima likacheka. Lakini swali lile halikuwa la upuuzi.

Huko Afrika Kusini, penye machimbo ya Witbank, mji ambao siku hizi huitwa eMalahleni, kuna vilima vya makaa mabovu yaliyotupwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rhodes waliona ukoka umeota juu ya makaa yale, pasipo udongo. Walipochunguza mizizi wakakuta kuvu wa namna fulani wanaoyavunjavunja makaa na kuyageuza kuwa kitu cheusi kama mboji. Wako na bakteria wawezao kazi hiyo, hasa kwa makaa machanga ya rangi ya kahawia. Hupatikana asidi ya humiki, ambayo hushika chakula cha mimea kisichukuliwe na mvua.

Sisi Burundi hatuna machimbo ya makaa hayo. Ndugu yake mdogo tunaye, ile mboji nyeusi ya mabondeni ambayo hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Lakini taka iliyo tele kwetu, Gitega na Muyinga, ni maganda ya kahawa. Kilo 100 za matunda mabivu hutoa kilo 40 hivi za maganda mabichi. Yakitupwa mtoni, vijidudu wanaoyaozesha humaliza oksijeni ya maji, na samaki hufa. Yakimwagwa shambani yangali mabichi huweza kudhuru miche. Na kumbe yana naitrojeni na potasi nyingi!

Mwaka jana tulijaribu kuyaozesha katika bustani ya shule. Tulirundika maganda matupu, tukayakanyaga vizuri, tukajiona mafundi. Baada ya wiki mbili harufu ilifika bwenini, na mpishi akatuuliza kama tumezika ng'ombe. Kosa letu lilikuwa lile kukanyaga. Bakteria wapendao hewa walikosa pumzi, wakashika zamu wale wasioihitaji, ambao hutoa harufu ya mayai mabovu.

Tukalifumua lundo, tukachanganya majani makavu ya migomba na samadi ya mbuzi, tukawa tunaligeuza kila wiki mbili. Siku ya nne fimbo tuliyoichomeka katikati ilitoka ina moto hata haishikiki. Hao ni bakteria wanaokula sukari. Kazi yao huweza kupandisha joto hadi digrii 60, na mbegu za magugu hufa. Wakiimaliza, lundo hupoa, kisha kuvu na bakteria wengine hushughulikia nyuzi ngumu polepole. Baada ya miezi minne tulikuwa na kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya msitu baada ya mvua.

Maharage ya tuta tulilolitilia mboji hiyo yalikuwa na majani ya kijani kabisa. Ya tuta la pili yalikuwa manjano. Mwalimu wetu alisema tuta moja si ushahidi, na amesema kweli. Lakini udongo wa milima yetu mingi ni mchachu, nao una aluminiamu inayodhuru mizizi. Mboji huifunga aluminiamu hiyo.

Wakati wa likizo nilimweleza baba mambo haya huko Muyinga. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mbolea ya dukani hununuliwa kwa fedha, na shamba hili halikui, sisi ndio tunaozidi." Kesho yake tukachimba mahali pa lundo nyuma ya nyumba.

Mwaka huu shuleni tumeanza mapema, mwezi wa Mei, tena kwa matuta sita, matatu yenye mboji na matatu bila. Lundo tutalifungua Septemba, kabla ya kupanda. Ninyi mliokwisha kumaliza shule, mlio na gari la mizigo, maganda tunayo ya kutosha. Tunaomba majani makavu ya migomba.